Hakuna Mtoto Anayejipokea

Mama yangu aliingia majini mwenyewe, Jumapili, mchana kweupe, watu wakimwimbia. Alivaa gauni jeupe alilolishona kwa mkono kutoka kwenye shuka. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani, akasimama na kumgeukia mwinjilisti. Mwinjilisti alikuwa kwenye nyasi, viatu miguuni, Biblia kwapani. Akanyoosha mkono juu, akatamka maneno ya ubatizo, halafu akasema, "Sasa zama, mama. Zama mwenyewe, Mungu anakuona." Mama akarudi nyuma hatua moja ili apate maji ya kumtosha. Hatua moja tu. Akaenda chini.

Kwaya ikamaliza ubeti, ikaanza mwingine. Wanawake walipiga vigelegele, wakidhani anachelewa huko chini kwa furaha ya rohoni. Halafu kilemba chake kikaja juu peke yake, kikajikunjua taratibu kama jani la kabichi, na bado watu wanaimba.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilisimama ng'ambo ya lambo, upande wa ng'ombe wetu, kwa sababu huko ndiko tulikopangiwa kusimama. Na lile shimo nililijua. Hilo ndilo linalonifuata mpaka leo, ndugu yangu unayesoma. Nililijua.

Nisingeandika haya kama nisingerudi kijijini mwezi wa saba. Mimi naishi Babati, napika chakula cha wanafunzi, na shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nne. Mtu wa nyumbani alinipigia simu akasema kanisa linafanya sherehe ya kukumbuka lilivyoanza, waliotoka hapo wote warudi. Nikapanda gari mpaka Endasak, nikamalizia kwa pikipiki. Nikakuta kanisa limeezekwa bati jekundu, pembeni kuna kisima cha ubatizo chenye vigae vya bluu na ngazi ya kushukia, maji yanatoka bombani kama ya hotelini. Ukutani wameandika kwa rangi majina ya waliobatizwa kwanza. Nikasoma kwa kidole, polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Nikarudia kuanzia juu. Jina la mama yangu halimo.

Mbele ya watu alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mito mzee mmoja, wamemfunika blanketi jipya mabegani. Mzee mwasisi, wanamwita. Zamani tulimwita jirani wa juu. Akapewa kipaza sauti, akasema kwa sauti yake ileile nyembamba, "Tulijenga kwa taabu, lakini namshukuru Mungu, katika kazi hii hatukupoteza hata mtu mmoja." Watu wakaitikia amina. Nikatoka nje.

Ngoja nikurudishe nyuma, maana ukianza na kifo peke yake utadhani tuliishi vibaya. Hatukuishi vibaya. Manyara ilikuwa haijawa mkoa, tulikuwa bado tunahesabiwa watu wa Arusha, na Arusha yenyewe hatukuijua. Tulichojua ni mlima. Asubuhi Hanang ulikuwa umejifunika ukungu mpaka shingoni, na baridi ikishuka kutoka kule unaisikia kwenye meno. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzoa mavi ya ng'ombe zizini yakiwa bado ya moto. Wenzangu wa mjini huwa wanakunja pua nikiwaambia, lakini miguu yangu ilikuwa haina viatu, na mavi ya moto asubuhi ya baridi ni raha, we acha tu. Halafu mama ananiita ndani, moshi umejaa, kibuyu cha maziwa ameshakifukiza kwa mkaa, na maziwa yanakuja na ile harufu ya kuungua kidogo ambayo sijaipata tena kwenye pakiti yoyote. Jioni ugali wa mtama, mlenda, maharage. Msimu wa mbaazi tulikula mbaazi mpaka tukazichukia, na sasa ndizo nazitafuta.

Ilikuwa ile miaka ambayo vitu vilianza kuja. Malori ya wafanyabiashara yalipanda kununua maharage na vitunguu shambani kwa mtu, hakuna tena kusubiri chama cha ushirika. Mnadani kukawa na marundo ya mitumba, na baba akanunua redio na koti la kijeshi la nchi asiyoijua. Na kama malori yalivyopanda, ndivyo walivyopanda na wahubiri. Kanisa la zamani lilikuwa mbali, kule barabarani, la babu zetu waliobatizwa kwa kunyunyiziwa. Hili jipya lilikuwa la watu waliookoka. Walikuja na jenereta na spika, wakahubiri kuzaliwa mara ya pili, na jirani wa juu akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wakamfanya mzee wa kanisa palepale.

Kanisa likataka jengo, na jengo likataka tofali. Chini ya kijiji kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe, na kiangazi likikauka upande mmoja linaacha udongo mweusi unaonata vizuri. Mzee wa kanisa akapima pa kuchimba kwa hatua zake mwenyewe. Wanaume wakachimba. Sisi watoto tukaingia shimoni kukanyaga udongo kwa miguu, tunaruka, tunasukumana, tumepakaa mpaka nywele. Mama alikuwepo, na tumbo lake la miezi sita, anabeba maji ya kulainishia udongo, anatutania: "Kanyageni vizuri, msije mkamjengea Mungu nyumba yenye nyufa!" Mzee wa kanisa alisimama ukingoni na fimbo, anaelekeza. Mwisho lile shimo lilinizidi kimo mimi na mtu mwingine juu yangu. Tukashushwa kwa ngazi, tukatolewa kwa ngazi. Tanuri likachomwa siku tatu, likanukia kijiji kizima kama mkate. Mvua zikaja, lambo likajaa, shimo likafunikwa. Juu ukaona maji tu, yametulia sawasawa kila mahali.

Mvua hizohizo ndizo zilizokata njia siku uchungu ulipompata mama. Bibi, mama yake baba, alikuwa mkunga. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wetu wa minyaa, lakini siku hiyo alikuwa ameitwa kuzalisha mtu upande wa pili wa korongo, na korongo lilikuwa limejaa. Baba alikwenda kumngojea ukingoni. Mama akazaa peke yake, mimi nikiwa nashikilia taa ya kibatari ingawa ilikuwa bado saa kumi za mchana, kwa vile giza la mvua lilikuwa zito. Mtoto alitoka kimya. Alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi. Mama akamgeuza, akampulizia puani, akampigapiga mgongoni. Akaniambia, "Toka nje ukawaangalie ndama." Nikajua.

Bibi alifika amelowa mpaka mifupa. Akafika mlangoni, akauliza, "Amelia?" Mama akasema, "Hajalia, mama." Bibi akasimama. Alikuwa na mguu mmoja tayari juu ya kizingiti. Akaurudisha nje.

Hapa lazima nikueleze, kama hukuzaliwa kwetu. Mwanamke akizaa mtoto mfu, nyumba yake inatengwa. Kwa kikwetu huo mwiko una jina lake, na hata leo sipendi kulitoa mdomoni. Hamwombi moto kwa jirani wala jirani haombi kwenu. Hamchoti maji kwenye chemchemi moja na wengine. Ng'ombe wenu wanapita njia yao na wanakunywa mwisho, baada ya wengine kuondoka. Hakuna anayewapa mkono. Watoto hawaendi shule, kwa maana wangekaa dawati moja na watoto wa wenzao. Anayewagusa anakuwa kama ninyi, yeye na nyumba yake na mifugo yake. Inakaa hivyo mpaka wazee waseme basi, na wazee hawana haraka. Bibi alikuwa akisema mwiko ni kama tope, ukilikanyaga unaenda nalo kwako. Wakristo walisema wao hawafuati tena mambo hayo. Walisema hivyo kanisani. Njiani wakikuona walikata kona.

Ndiyo hivyo tukakaa. Mimi, mama na baba, na ng'ombe wanne. Asubuhi bibi alisogea kwenye ua wa minyaa, upande wake, na mama upande wetu, wakasalimiana bila kuonana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Angalia juu ya jiwe."

Kulikuwa na jiwe bapa mpakani. Bibi aliweka viazi vitamu juu yake akaondoka, halafu mimi naenda kuchukua. Viazi vilikuwa vimefunikwa na jani la mgomba, na bado vya moto. Hakuwahi kusema samahani kwa siku ile ya mlangoni. Aliweka viazi.

Mama alikuwa mtu wa watu. Njia ya kisimani nzima ilikuwa inajua kicheko chake. Sasa akawa anakaa kwenye kivuli cha zizi anasikiliza wanawake wanapita na ndoo, anawatambua kwa sauti. "Huyo ni fulani, ameshazaa. Huyo anakohoa bado." Maziwa yalimjaa akawa anayakamulia kwenye majivu. Mimi nikicheza peke yangu aliniangalia mpaka nikaona aibu ya kucheza.

Ndipo spika ikaanza tena. Kanisa limeisha kuta, mwinjilisti amerudi kutoka mjini kufanya mkutano wa wiki nzima na ubatizo wa kwanza. Sauti ilifika kwetu bila kizuizi, maana sauti haina mwiko. Jioni ya kwanza alihubiri kwamba mtu akizaliwa mara ya pili, yule wa zamani amekufa na uchafu wake umekufa naye. Mama akaacha kuchambua maharage. Kesho yake alikuwa kwenye ua mapema kabla bibi hajamwita.

"Mama, wanasema mtu mzima anaweza kuzaliwa upya."

"Nyinyi wa mara ya kwanza tu mmenitoa jasho," bibi akasema. "Na huyo mtu mzima anazalishwa na nani?"

"Wanasema na Roho."

"Ana mikono, huyo Roho?"

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua. "Mama, na wewe! Usitukane mambo ya Mungu."

"Situkani. Mimi ni mkunga, nauliza mambo ya kazi yangu. Hakuna mtoto anayejipokea. Hata ng'ombe anamlamba ndama wake. Uwaulize watakupokea kwa nini, kwa mikono au kwa spika."

Mama alimtuma baba kwa mwinjilisti. Ombi lake lilikuwa jepesi. Abatizwe na wenzake, mbele ya kijiji kizima, ili watu waone kwamba yule aliyezaa mtoto mfu hayupo tena, na huyu aliyepanda kutoka majini wanaweza kumpa mkono. Hakutaka zaidi ya hapo. Alisema, "Hata wakinichovya kama tonge kwenye mlenda, sawa. Nataka nipite njia ya kisimani." Na mimi nilitaka hivyohivyo. Nilitaka shule. Nilikuwa nimeshapanga nitakaa dawati gani.

Walikuja kujibu siku ya Ijumaa, mwinjilisti na mzee wa kanisa. Hawakuingia. Walisimama na baba nje ya ua, mimi niko ndani ya banda la ndama, na waliyosema niliyasikia yote.

Mwinjilisti alianza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema, "Mzee, katika Kristo hakuna mwiko. Huyu mama atashuka pale kijito cha juu na wenzake, mimi mwenyewe nitamshika."

Mzee wa kanisa akasema, "Wewe Jumatatu unaondoka, mtumishi. Sisi tunabaki na ng'ombe wetu."

"Lakini umeokoka wewe!"

"Nimeokoka mimi. Ng'ombe hawajaokoka." Akaongeza, "Ukimshika huyu halafu ukawashika wengine, hawaji. Nakwambia hawaji hata watatu. Utabatiza nyasi."

Nikasikia mwinjilisti anavuta pumzi. Alikuwa ameshaahidi watu wake huko mjini hesabu nzuri ya roho, hilo lilijulikana. Akauliza, "Sasa tufanyeje?"

"Awe wa mwisho. Na asiingie kijito cha juu, watu wanakunywa pale. Ashuke lamboni, ng'ombe wao si wanakunywa hapo? Wewe utatamka maneno, yeye atazama. Mungu anaangalia moyo."

"Bila kushikwa?"

"Kwani maji yanataka nini zaidi?"

Mwinjilisti akamgeukia baba. "Wewe baba wa nyumba unasemaje?" Na baba yangu, kwenye lile koti lake la kijeshi, akasema, "Nyinyi ndio mnajua mambo ya dini." Maneno yake yote yalikuwa hayo.

Nimeyafikiria sana mashauri ya siku ile. Mtu wa mila kamili angekataa kabisa, na mama angekaa ndani, angekasirika, lakini angeishi. Mtu wa imani kamili angemshika mkono, na mama angepanda kutoka majini akiwa mtu mpya. Wao walitaka vyote viwili. Walitaka wokovu usiolowesha mikono.

Jumapili ikafika. Wengine walibatizwa kijito cha juu asubuhi, mmoja mmoja, mwinjilisti akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, mkono mmoja mgongoni kwa mtu na mwingine kifuani, anamlaza na kumwinua kama mtoto anayeogeshwa. Tuliwaona kwa mbali. Mama alisema, "Umeona anavyowainua?" Alikuwa amejipaka mafuta, amefunga kilemba cha kitenge chenye maua ya njano. Alinukia sabuni. Kila mtu alipomaliza, mwinjilisti akabadili nguo, akavaa kavu, akavaa na viatu, na msafara mzima ukateremka lamboni kuangalia.

Mzee wa kanisa ndiye aliyeonyesha mahali pa kuingilia. Alinyoosha fimbo ileile. Alisema, "Ingilia hapo, mama, pasipo na nyayo za ng'ombe." Huenda alisahau. Huenda alikuwa anafikiria tu nyayo za ng'ombe. Lakini alipima lile shimo kwa hatua zake mwenyewe, akalisimamia likichimbwa, akatuhesabu watoto tukitolewa kwa ngazi. Na mimi nilipomwona mama anaelekea kule, moyo wangu ulisema jambo wazi kabisa: pale ndipo tulipokanyaga udongo. Nikafungua mdomo. Lakini kwaya ilikuwa inaimba, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto hapazi sauti kwenye ibada, na nikafikiri, watu wazima wanajua. Nikafunga mdomo. Hayo mengine nimeshakueleza.

Kilemba kilipokuja juu nikakimbia. Niliingia majini nikipiga kelele "Mama! Mama! Shimo!" na watu wakanyamaza wote kwa pamoja. Wanaume walikuwa wengi. Wengine walikuwa wanajua kuogelea, tuliwaona kila mwaka wakivusha ng'ombe. Walisogea mpaka ukingoni, wakaishia hapo, vidole vya miguu kwenye maji. Wakawa wanamtazama mzee wa kanisa, na mzee anamtazama mwinjilisti, na mwinjilisti anasema "Yesu, Yesu, Yesu." Baba alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anashika kichwa. Mimi nilishika kitu, nguo yake, nikavuta, na ardhi ikaniishia miguuni, nikanywa maji yenye ladha ya ng'ombe.

Mkono ulionishika ulikuwa na mifupa mingi. Bibi hakuwa mtu wa kanisa. Alikuja siku ile kutazama tu, akasimama mbali kuliko wote, na alikuwa akiuogopa ule mwiko kuliko mtu yeyote pale, maana mikono yake ndiyo iliyopokea watoto wa kijiji kizima. Yeye ndiye aliyeingia. Aliingia na nguo zake zote na shanga zake, akanitoa mimi kwanza, akanitupa kwenye nyasi, akarudi na mti wa kuchungia wa baba, akalitafuta shimo kwa mti, akamvuta mama kwa gauni. Mzee wa miaka yake! Akamlaza ukingoni, akampulizia puani, akampigapiga mgongoni, kama mama alivyomfanyia yule mtoto. Watu walikuwa wanarudi nyuma hatua kwa hatua kila maji ya nguo zake yalipowaelekea. Alipochoka akainua uso, akawauliza, "Hakuna hata mmoja?" Wakapanda njia ya juu, ili wasipishane na sisi. Mwinjilisti hakungoja hiyo Jumatatu.

Mama alizikwa nyuma ya zizi na watu watatu tu, baba, bibi na mimi. Mzee wa kanisa alituma ujumbe kwamba kanisa haliwezi kuzika mtu ambaye halijampokea. Bibi akahamia kwetu bila kuambiwa na mtu, maana alikuwa ameshagusa. Hakuitwa kuzalisha tena mpaka anakufa. Baba aliuza ng'ombe, akaenda Mererani kwenye machimbo, na hakurudi. Mimi sikurudi shule. Nilikaa na bibi ndani ya ule ua, jioni tunakula viazi vyetu, yeye ananisimulia alivyompokea kila mtu wa kijiji kile, nani alitanguliza miguu, nani alizaliwa na meno. "Na jirani wa juu?" nilimuuliza siku moja. Akasema, "Yule nilimtoa kwa mikono hii. Alikuwa amejifunga kitovu shingoni. Nilihangaika naye tangu alfajiri." Mkoa wa Manyara ulipoanza, Babati ikawa inatafuta watu wa kupika na kufua. Nikamzika bibi, nikashuka.

Leo lambo halipo. Limejaa udongo, pamelimwa vitunguu, na harufu yake nzuri inapanda mpaka kanisani. Ule ua wa minyaa umekatwa. Jiwe bapa nililikuta, mtu amelifanya ngazi ya mlango wake. Maziwa yanaletwa kwa pikipiki kwenye madumu. Hata mwiko wenyewe vijana hawaujui, niliuliza wawili watatu wakacheka, wakaniambia mama, hayo ya kizamani. Umekufa kimya kimya, kama ulikuwa hauna haraka ya kumuua mtu yeyote. Kungekuwa na miaka michache tu katikati, mama angepita njia ya kisimani.

Siku ile ya sherehe nilirudi ndani, nikapanga foleni na wengine kumsalimia mzee mwasisi. Nikafika. Nikainama kama nilivyolelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa yule mama wa lamboni."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, ya moto, laini ya kizee. Alikumbuka. Niliona machoni. Nikamuuliza kwa nini jina la mama haliko ukutani. Akanivuta karibu, akasema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Yule hakubatizwa, mwanangu. Ubatizo lazima mtu ashikwe. Yule hakushikwa na mtu. Alizama tu."

Watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma. Nikatoka.

Basi sasa nakujibu hapa, mzee, kwa kuwa pale foleni ilinisukuma nikatoka. Mwinjilisti simjui aliko, na baba yangu ameshajibu alikojibia. Umebaki wewe, na una akili timamu, na una kipaza sauti. Mimi wokovu sijaukataa. Naenda kanisani Babati, na kila nikisikia mtu mpya amezaliwa naangalia kwanza ni mikono ya nani imempokea. Bibi yangu aliyekutoa wewe na kitovu shingoni hakuuliza kama wewe ni safi. Wewe ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwa mama yangu, na fimbo ndefu mkononi.

Nakuja tena Jumapili ya mavuno. Nitakaa benchi la mbele, nitakuamkia kwa heshima yako yote. Simama mbele ya watu walewale uliowaambia hamkupoteza mtu, uwajibu jambo moja kabla hujaenda kuulizwa kwingine: kama mama yangu hakubatizwa kwa sababu hakushikwa, nani alitakiwa kumshika?